Picha ya Simu na Mwili wa Binti Yetu

Mazungumzo haya yalitolewa na akina mama wa kikundi kimoja cha kujisaidia cha Kutulo, mbele ya vikundi vya jirani. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa, ili nanyi mliokuwa mbali mweze kuyasoma katika kikundi chenu na kujadiliana.

Wengine mmetoka upande wa Elwak, wengine upande wa Wajir, na jua hili lilivyo kali. Chai ipo na maziwa yapo, kwa hiyo msiwe na haraka.

Sisi mnatujua. Tunauza maziwa ya ngamia. Tulianza na ayuuto, ile ya kuzungushiana pesa kila wiki, halafu tukafungua kioski. Tukiitwa kuzungumza, kwa kawaida huwa tunaulizwa habari za mikopo, za daftari la mweka hazina na za jerikeni safi. Leo tumeombwa tuzungumze juu ya simu na miili ya mabinti zetu. Kuna atakayesema, "Hilo ni jambo dogo, watu wana ukame." Hata sisi tulisema hivyo. Ndiyo sababu tumekubali kusimama hapa, kwa maana kosa lilikuwa letu wenyewe.

PICHA MBILI

Hebu tuanze na picha hizi mbili tulizobandika kwenye mti. Zimepita mikononi mwenu nyote. Tuliuliza, "Mnaona nini?" Mkasema ya kwanza ni mama wa hapa, amesimama karibu na jerikeni zake. Ya pili, nyanya mmoja hapa mbele alisema, "Huyu ni dada yake mdogo, yule wa Nairobi."

Sasa tuwaambie ukweli. Ni mama mmoja, siku moja, saa moja, na simu ni moja. Picha ya kwanza ilipigwa hivi hivi. Ya pili ilipigwa kwa filta. Simu inatafuta mahali macho yalipo, pua ilipo, mdomo na taya vilipo. Kisha inayakuza macho, inaipunguza pua, inaifuta mikunjo, na rangi inaipandisha. Yote hayo ni kwa kugusa kidole mara moja. Huyo dada wa Nairobi hayuko duniani.

Nyanya wetu amecheka, na sisi tumecheka. Lakini binti wa miaka 14 akiona picha kama hii mara mia kwa siku, na hakuna aliyemwambia imetengenezwa, yeye hacheki. Anakwenda kwenye kioo.

YALIYOTUPATA

Miaka ile ya ukame, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Mnakumbuka mizoga ya mifugo ilivyolala kando ya barabara. Maziwa yalipungua, na kioski chetu kikabaki na sukari, unga na majani ya chai, na watu wakichukua kwa deni.

Wakati huo mmoja wetu alirudi kutoka Eastleigh, Nairobi, na mikebe ya krimu ya kung'arisha ngozi. Akasema mabinti wanaitafuta, wameiona kwenye simu. Tukaijaribu. Jamani, iliuzwa! Faida ya mkebe mmoja ilishinda faida ya kilo nyingi za sukari. Mara ya pili akaja na tembe za kunenepesha, zimefungwa katika karatasi ndogo, hazina jina. Tulizipanga karibu na sabuni. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ndani mna nini.

Binti wa mmoja wetu alikuwa na miaka 19 na ameshaposwa. Njaa ya ukame ilikuwa imemkondesha, kama ilivyotukondesha sote. Lakini kila jioni aliangalia video za maharusi kwenye simu: uso mviringo, nyonga zimejaa, ngozi kama maziwa. Akaanza kununua tembe zetu. Baada ya wiki chache uso ukajaa. Sisi tulimwambia nini? Tulimwambia, "Mashallah, umependeza! Sasa ndiyo unafanana na bibi arusi." Tulimsifu kwa vinywa vyetu wenyewe.

Miezi ikapita. Mapaja yakakosa nguvu, hata kuinuka kutoka mkekani ilibidi ashikwe mkono. Akawa na kiu isiyoisha, akikojoa usiku kucha. Jeraha dogo la mguuni, alilochomwa na mwiba, likakataa kupona. Alipofika hospitali, sukari ilikuwa imepanda. Daktari aliuliza anatumia dawa gani, naye akanyamaza, kwa aibu. Mama yake pia hakujua. Siku ya tatu ndipo aliposema. Daktari akauliza, "Mlizinunua wapi?"

Hapo ndipo tulipoinamisha vichwa.

Alhamdulillahi, yu hai, na ametupa ruhusa tuseme haya bila jina lake. Kituo cha afya kinaendelea kumwangalia. Alituambia neno moja ambalo hatujalisahau: "Mlipokuwa mnanisifu, niliogopa kuacha."

SIMU INAPATAJE PESA?

Tulijiuliza, mbona picha hizi zinamfuata binti mpaka nyumbani? Mwalimu mmoja ambaye ni mwanachama wetu alitueleza, nasi tunawaeleza kama tulivyoelewa.

Facebook, Instagram na TikTok hatulipii mlangoni. Tunanunua bando tu. Wenye mitandao wanapata pesa kwa matangazo. Kadiri unavyokaa ukiangalia, ndivyo wanavyouza matangazo zaidi. Kwa hiyo simu inahesabu. Ukisimama kidogo kwenye video ya krimu, imeandika. Ukirudia, imeandika tena. Kesho itakuletea tano, kesho kutwa ishirini. Ni kama mchuuzi anayekuona umegusa kitambaa kimoja, basi anakufuata sokoni nzima na vitambaa vya namna ile ile. Tofauti ni kwamba mchuuzi huchoka, jua likizama anakwenda kwake.

Na binti akiwa tayari na wasiwasi juu ya mwili wake, ndiyo huyo anayesimama sana kwenye picha hizo. Wanaoumia zaidi ndio wanaoletewa zaidi.

Wenye mitandao wenyewe walilijua jambo hili. Mwaka 2021 mwanamke mmoja aliyefanya kazi katika kampuni ya Facebook, Frances Haugen, alitoa karatasi za ndani za kampuni hiyo. Humo ilionekana kwamba kampuni iliwahi kuwauliza wasichana kuhusu Instagram. Asilimia 32 walisema kwamba walipokuwa wakijisikia vibaya juu ya miili yao, Instagram iliwazidishia. Ni karibu mmoja kati ya watatu. Tuseme haki pia: wengine walisema mtandao uliwasaidia katika mambo mengine. Kwa hiyo si kila binti anaumia. Lakini katika kijiji, watoto watatu wakicheza kisimani na mmoja akitumbukia, hatusemi wawili wako salama tukaenda zetu.

WENGINE WALIVYOPATWA

Msidhani ni sisi peke yetu tulio washamba. Sikieni habari ya Fiji, visiwa vilivyo mbali sana katika Bahari ya Pasifiki. Huko nako mwanamke mwenye mwili alisifiwa, kama hapa kwetu. Katika mkoa wa Nadroga televisheni ilifika mwaka 1995. Daktari mmoja wa Marekani, Anne Becker, aliwahoji wasichana wa shule 63 wiki chache baada ya televisheni kufika. Mwaka 1998 akawahoji wengine 65. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Mara ya pili, asilimia 11 walisema wanafanya hivyo. Wenye dalili za kuhangaika vibaya na chakula walitoka asilimia 13 hivi wakafika 29. Miaka mitatu tu! Na hiyo ilikuwa televisheni moja ya kuangaliwa na watu wengi pamoja. Simu binti analala nayo chini ya mto.

Tazameni jambo hili: huko Fiji picha ziliwafundisha kujikondesha. Hapa kwetu video za maharusi zinawafundisha kunenepa, na video nyingine, za kutoka nje, zinawaambia kiuno kiwe chembamba kama cha nyigu. Binti mmoja anaambiwa yote mawili katika saa moja. Hata akifanya nini, hawezi kufika.

Wale walio ndani ya picha je? Mnamjua Lupita Nyong'o, mwigizaji wa sinema, binti wa Kenya. Mwaka 2014 alisema mbele ya watu kwamba alipokuwa mtoto alikuwa akimwomba Mungu aamke asubuhi ngozi yake imekuwa nyeupe. Mwaka 2017, akiwa tayari mashuhuri ulimwenguni, gazeti la Grazia la Uingereza lilimweka kwenye jalada, na katika picha hiyo sehemu ya nywele zake ilikuwa imefutwa na nyingine kulainishwa. Alilalamika wazi, akaonyesha picha halisi kando ya ile iliyotengenezwa. Kama uso wake yeye hautoshi bila kurekebishwa, ni wa nani utatosha?

Na yuko Halima Aden, Msomali mwenzetu, aliyezaliwa katika kambi ya Kakuma mwaka 1997 na kukulia Marekani. Alikuwa mwanamitindo mwenye hijabu aliyejulikana kote. Novemba 2020 akatangaza kwamba anaacha kutembea kwenye majukwaa ya mitindo. Alisema kazi ile ilikuwa inamtenga na imani yake, na hijabu yake ilikuwa ikizidi kupunguzwa. Mabinti wengi walitamani kuwa yeye, naye mwenyewe alikuwa anajitafuta.

KABLA YA SIMU KULIKUWA NA ULIMI

Sasa tusitupie simu lawama yote. Nani alimwambia mtoto kwa mara ya kwanza kwamba ni mweusi mno? Si simu. Ni shangazi. Ni sisi.

Kwetu Wasomali kila mtu ana jina la utani. Mwanamume akiitwa Madobe, yaani mweusi, anajivunia. Mzee mzima anaitikia. Akiitwa Dheere, mrefu, anacheka. Lakini msichana akiwa mweusi, anasikia wanawake jikoni wakisema, "Huyu mahari yake itakuwa shida." Akiwa mwembamba anaambiwa, "Wewe hata upepo utakubeba." Tunasema kwa mzaha, tunasahau. Yeye hasahau. Simu inapofika, inamkuta tayari ana kidonda, nayo inamwuzia dawa ya kidonda hicho.

Zamani mwili ulioshiba ulikuwa na maana. Ulisema kwamba kwa baba yake huyu kuna ngamia wanaotoa maziwa na watoto wanakunywa. Ilikuwa habari ya afya. Tembe zinaleta uvimbe bila maziwa. Binti yetu wakati ule wa ukame hakuwa na kasoro yoyote mwilini. Alikuwa na njaa. Alihitaji uji na maziwa, nasi tukamwuzia tembe.

NDANI YA MKEBE NA KARATASI MNA NINI?

Nesi wetu alitueleza, na hili tafadhali lishikeni vizuri.

Krimu nyingi za kujichubua zina kimoja au zaidi ya vitu hivi vitatu. Cha kwanza ni haidrokwinoni. Ikitumiwa kwa muda mrefu ngozi hugeuka, ikaleta mabaka meusi yenye rangi ya buluu ambayo hayatoki kwa urahisi. Cha pili ni zebaki. Huharibu figo na neva, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Haibaki kwa anayejipaka peke yake. Hata mtoto anayelala kifuani pake huipata. Cha tatu ni dawa kali za ngozi kama klobetasoli, ambazo daktari hutoa kwa ugonjwa na kwa siku chache. Ukizipaka kila siku ngozi huwa nyepesi kama karatasi na hupata michirizi.

Tembe za kunenepesha mara nyingi ni deksamethasoni. Hiyo ni dawa ya kweli, inaokoa watu hospitalini, lakini kwa kipimo cha daktari. Ikitumiwa ovyo huvimbisha uso na tumbo, hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa na misuli, na majeraha hayaponi upesi. Nyingine ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta hamu ya kula na usingizi mwingi.

Na hili ni la hatari: mtu aliyemeza deksamethasoni kwa muda mrefu ASIIACHE GHAFLA. Mwili unakuwa umesahau kujitengenezea kitu kama hicho. Akiiacha siku moja anaweza kuzirai, hata kufa. Aende kituo cha afya, aseme ukweli, apunguziwe kidogo kidogo. Kwa hiyo mama, ukigundua, usimnyang'anye binti na kumpiga. Mshike mkono mwende pamoja.

Kwa wanaojua kusoma: angalieni mkebe. Mkiona neno linaloanza na herufi HYDROQ, au CLOBET, au DEXA, au herufi Hg, liacheni dukani. Na kitu kisicho na maandishi yoyote ni kibaya zaidi.

Sheria ipo. Hapa Kenya shirika la kukagua ubora wa bidhaa, KEBS, lilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni tangu 1998. Mwaka 2019 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio la kutaka krimu za haidrokwinoni zipigwe marufuku katika nchi zote za jumuiya. Lakini sheria ikiwa Nairobi na mkebe uko Kutulo, anayebaki kulinda ni nani? Ni muuzaji na mnunuzi. Yaani sisi.

TULIYOAMUA

Tulikaa chini ya mti huu huu, tukabishana siku mbili. Hatutaki kuwaambia ilikuwa rahisi. Mmoja alisema, "Tukiacha sisi, duka la jirani litauza." Ni kweli, na linauza. Mwingine akasema karo ya watoto wake ilitoka kwenye mikebe ile, na hilo pia ni kweli. Wanachama wawili walijitoa. Hatuna ubaya nao.

Tuliobaki tulikubaliana hivi:

Kwanza, tuliondoa krimu na tembe kioskini. Hasara tuligawana sote, kwa kuwa faida tuligawana sote. Faida ile mpaka leo hatujaifidia.

Pili, hatutoi mkopo wa kikundi kwa kununua au kuuza vitu hivyo. Tulipiga hesabu na mabinti. Tuseme mkebe ni shilingi 300, na unaisha kwa wiki mbili. Kwa mwaka ni shilingi 7,800. Walishangaa wao wenyewe. Wawili wameweka akiba ya kununua mbuzi.

Tatu, tumejiwekea sheria ya ulimi. Hakuna kusalimia mtu kwa mwili wake, wala kwa kumsifu kunenepa, wala kwa kumcheka weusi. Tunaulizana habari za nyumbani, za mifugo, za masomo. Sheria hii ndiyo ngumu kuliko zote. Tunaivunja kila wiki, tunakumbushana.

Nne, tulikaa na mabinti, simu mkononi, wao wakatufundisha filta. Hatukuwapokonya simu. Simu ndiyo inayotuletea pesa za M-Pesa, bei ya maziwa, na sauti za ndugu zetu walio Nairobi na ng'ambo. Tuliwaomba wachunguze wanafuata akina nani, na waache wale wanaowafanya wajichukie. Wakagundua kwamba unaweza kuiambia simu hutaki video za namna fulani. Mabinti wenyewe ndio waliotupigia zile picha mbili.

Tano, nyanya zetu wamewaonyesha mabinti jinsi ya kutwanga majani ya mti wa gob kupata qasil ya kuoshea uso. Kujipamba si dhambi. Sisi pia tunapenda hina na uunsi.

Sita, tuliwaita wanaume. Tuliwauliza waziwazi, "Je, mnataka mke mwenye figo au mwenye rangi?" Walicheka, halafu wakanyamaza. Mzee mmoja akasema wavulana pia wanaangalia simu hizo hizo na kurudi wakiwadharau wasichana wa hapa. Tumeona ni neno la kweli, na kazi hiyo tumewaachia akina baba.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, msichana husifiwa kwa nini? Mvulana je? Kuna tofauti gani?
2. Ni maneno gani juu ya miili yetu tuliyoambiwa tukiwa watoto na bado tunayakumbuka?
3. Je, duka letu au mwanachama wetu anauza krimu au tembe hizi? Tukiziacha, tutafidia pesa hizo kwa njia gani?
4. Nani kati yetu anaweza kuzungumza na mabinti bila kuwagombeza? Kituo cha afya cha karibu kiko wapi, na ni nani atakayewasindikiza?
5. Kabla hatujakutana tena, kila mmoja atafanya jambo gani moja?

Tumemaliza. Yule binti yuko pale nyuma, ndiye anayewamiminia chai. Hatutamtaja, na ninyi msimtafute kwa macho. Kama kuna mama hapa ambaye roho yake imeshtuka kwa haya, asiogope kutuona pembeni baada ya mkutano. Tutakwenda naye kituo cha afya, hata kesho asubuhi, kabla ya gari la maziwa.